Shingo ya Nambari Tatu

Aprili 17, 2016, Kenya iliilaza Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore Sevens. Kama ulikuwa na simu siku hiyo, uliiona video. Wasee walilia kwa matatu, watu wasiojua sheria hata moja ya raga wakabadilisha picha zao za wasifu. Tulikuwa mabingwa, na tulikuwa tumemchapa mfalme wa mchezo wenyewe.

Novemba 12, 2022, Dubai. Ureno 85, Kenya 0. Hii hakuna aliyeisambaza.

Ni nchi moja, michezo miwili. Singapore tulicheza raga ya wachezaji saba, ambapo skramu ni watu watatu dhidi ya watatu, wanashikana kidogo, mpira unatoka, mbio zinaanza. Dubai tulicheza raga ya wachezaji kumi na tano, tukitafuta tiketi ya mwisho ya Kombe la Dunia la 2023. Huko skramu ni watu wanane dhidi ya wanane, na kabla mtu hajapata nafasi ya kukimbia, lazima kuna wengine wameinama na kusukuma. Mabao 85 hayatoki mahali pamoja, na sitadai kwamba skramu peke yake ndiyo iliyotuua. Lakini nina hoja moja ambayo nimeibeba tangu nilipoacha chuo, na naomba uisikilize: sisi Wakenya hatujawahi kukosa miguu. Tunachokosa ni shingo, na watu wa kuzifundisha.

Mimi ni mtu wa Ndara, chini ya mlima wa Sagalla, nje kidogo ya Voi. Kwetu unajua msimu kwa rangi ya vumbi na kwa habari za ndovu waliovuka kutoka Tsavo kuja kula mahindi ya watu. Soka tunayo. Voliboli tunayo. Milingoti ya raga, ile inayosimama kama herufi H, niliiona kwa macho yangu baada ya kumaliza shule ya msingi, tena kupitia dirisha la basi nikiingia Mombasa.

Kuna kejeli ndani yake. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli ya tawi kutoka Voi kuelekea Maktau, ili kupigana na Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta. Mwaka uliofuata wakaja wanajeshi kutoka Afrika Kusini, maelfu. Februari 12, 1916, walipanda kuishambulia Salaita, kilima kidogo kabla ya kufika Taveta, na askari Waafrika wa jeshi la Mjerumani wakawarudisha nyuma. Makaburi ya vita hiyo yako hadi leo Voi, Maktau na Taveta. Kwa hivyo vijana kutoka nchi iliyokuja kuwa mama wa skramu duniani walipita chini ya milima yetu, wakala vumbi letu, wengine wakazikwa humo. Walituachia reli na makaburi. Mchezo wao uliruka juu ya vichwa vyetu.

Kwa sababu raga ya Kenya ilizaliwa Nairobi, na ilizaliwa na ubaguzi. Mechi ya kwanza inayokumbukwa ilichezwa mwaka 1909, maafisa wa serikali ya kikoloni dhidi ya walowezi. Nondescripts ikaanzishwa 1923. Kenya Harlequin ikafuata 1952, ikichukua jina la klabu kongwe ya London. Mashule yaliyolea wachezaji yalikuwa ya watoto wa Wazungu: Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, na Duke of York, ambayo sasa ni Lenana. Ilibidi tungoje hadi 1977 ndipo wachezaji Waafrika waanzishe klabu yao, Mwamba. Kutoka hapo mchezo umetembea. Nakuru walichukua Kenya Cup 2013 na 2014. Kabras, timu ya kiwanda cha sukari kule Kakamega, wakaichukua 2016. Na Pwani? Pwani tunapata Driftwood Sevens Mombasa, wikendi moja ya mbio, muziki na bia. Yaani hata raga inapokuja kwetu, inakuja na miguu. Shingo inaiacha Ngong Road.

Sasa, kwa wewe ambaye hujui, propu ni nani?

Skramu ina mstari wa mbele wa watu watatu. Katikati kuna huka, anayeuvuta mpira kwa mguu. Kushoto kwake ni propu nambari 1, kulia ni propu nambari 3. Nambari 1 kichwa chake kinabaki nje upande mmoja, anapumua. Nambari 3 kichwa chake kinaingia katikati ya huka wa adui na propu wa adui. Mabega yote mawili yamebanwa. Mbele yake kuna watu wanaotaka kumkunja kama chapati, nyuma yake wenzake wanamsukuma aingie zaidi. Akisimama imara, skramu nzima inasimama. Akipinda, wote wanane wanarudi nyuma, refa anapuliza penalti, na yule winga mrembo ambaye ulikuja kumtazama hatagusa mpira.

Hii si kazi ya unene tu, ingawa watu hudhani hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walipima nguvu za skramu na wakapata kwamba timu za kiwango cha juu zikigongana, nguvu inafika kama uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Hiyo ni Probox na abiria wake, kwenye mabega ya watu watatu. Utafiti huo ndio uliosaidia kubadilisha sheria mwaka 2013. Zamani timu mbili zilikuwa zinarukiana kutoka mbali. Sasa refa anaamrisha wainame, washikane kwanza, halafu ndio waingie. Mgongano ukapungua kwa takriban robo. Kilichobaki ni ufundi: pembe ya goti, urefu wa mgongo, mkono unashika wapi kwenye jezi ya mwenzako, unatoa pumzi saa ngapi. Na ufundi huo hauonekani kwa kamera. Mtazame propu kwa televisheni kutwa nzima, utaona matako na mvuke.

Ndiyo maana historia ya maprofesa wa skramu ni historia ya watu waliokuwa ndani yake. Wacha nikupe mmoja.

Juni 20, 2009, Durban. Afrika Kusini dhidi ya British and Irish Lions, mechi ya kwanza kati ya tatu. Upande wa Afrika Kusini, jezi nambari 1, kuna Tendai Mtawarira, kijana aliyezaliwa Harare, ambaye alifika Durban akicheza safu ya nyuma ya skramu mpaka kocha wa Sharks, Dick Muir, alipomwambia ahamie mbele. Upande wa Lions, nambari 3, kuna Phil Vickery, Mwingereza aliyeshinda Kombe la Dunia 2003. Mtawarira alimnyanyua Vickery. Si mara moja. Penalti baada ya penalti, uwanja mzima ukinguruma jina lake la utani, Beast. Mapema kipindi cha pili makocha wakamwondoa Vickery na kumwingiza mtu mwenye nywele kama kichaka, Mwelshi anayeitwa Adam Jones. Skramu ikatulia. Lions walipoteza 26-21, lakini wiki iliyofuata Jones akaanza, na yule aliyekuwa akitisha wiki iliyopita hakupata njia.

Ukiangalia vizuri, Jones hakuwa mtu wa kutabiriwa makuu. Alizaliwa 1981 katika kijiji cha Abercrave, kwenye bonde la migodi huko Wales. Alipoanza kuchezea timu ya taifa mwaka 2003, kocha alikuwa na mazoea ya kumtoa baada ya kama nusu saa, kwa sababu pumzi haikutosha. Hebu fikiria hiyo aibu: unatolewa mbele ya watu elfu sabini kabla ya mapumziko, tena si kwa sababu umeumia. Hakuondoka. Alipunguza mwili, akajifunza kazi, akacheza mechi 95 za Wales na mechi tano za Lions. Alikuwepo Wales waliposhinda kila mechi ya Six Nations mwaka 2005, tena 2008, tena 2012. Julai 6, 2013, Sydney, Lions walipoipiga Australia 41-16 na kunyakua mfululizo, alikuwa mle kwenye skramu iliyowaponda Waaustralia toka dakika za kwanza.

Halafu mlango ukafungwa, kama unavyofungwa kwa maprop wote. Juni 2014, tena Durban, alitolewa dakika ya 31. Mapema 2015 akastaafu timu ya taifa. Akaenda kumalizia soka lake la shingo katika klabu ya Harlequins ya London, ile ile ambayo Kenya Harlequin yetu ya Ngong Road ilikopa jina. Alipoacha kucheza 2018, Harlequins hawakumwacha atokomee. Walimkabidhi skramu aifundishe. Mwaka 2021 klabu hiyo ikawa bingwa wa Uingereza, naye akiwa kwenye benchi la makocha.

Na wala huhitaji kuwa na mechi 95. Daan Human alichezea Afrika Kusini mechi nne tu, zote mwaka 2002. Kisha akaenda Toulouse, Ufaransa, nchi ambako skramu ni kama dini, akakaa huko miaka. Mwaka 2020 akateuliwa kocha wa skramu wa Springboks. Oktoba 21, 2023, nusu fainali ya Kombe la Dunia jijini Paris, Uingereza walikuwa mbele 15-13 zikisalia dakika chache. Skramu. Waingereza wakapinda. Penalti. Handré Pollard akapiga kutoka mbali, 16-15, na wiki moja baadaye Afrika Kusini wakanyanyua kombe. Watu wanamkumbuka aliyepiga teke. Mimi nafikiria yule mtu wa mechi nne aliyekaa miaka mitatu akiwaambia vijana wapeleke goti wapi.

Sijifanyi mtaalamu. Nilivaa jezi nambari 3 mihula mitatu katika chuo kimoja, hadi karo iliponishinda nikarudi nyumbani. Lakini katika mihula hiyo nilipata bahati ambayo wengi hawaipati: nilifundishwa na propu.

Alikuwa mtu wa makamo, mfanyakazi wa godauni Mombasa, aliyewahi kucheza zamani. Hakuwa na cheti cha ukocha ninachojua. Tulimwita Mzee, naye alituita wanangu. Alikuja Jumamosi kwa basi, na malipo yake yalikuwa nauli na chakula cha mchana. Mashine ya skramu hatukuwa nayo, kwa hivyo tulisukuma Probox ya muuza mitumba mmoja, breki ya mkono juu, mwenyewe akiwa ndani anakula njugu. Mzee alitutembeza mikono mgongoni kama daktari. "Mwanangu, mgongo wako uwe meza. Nikiweka kikombe cha chai kisimwagike." Akikuona umeinamisha kichwa, alikupiga kofi la mgongo. "Unatafuta shilingi chini? Macho mbele! Ukiangalia chini, shingo yako inaangalia kaburi."

Wiki sita za kwanza hatukugusa mpira. Tulishikana wawili wawili, tukalala chini, tukainuka, tukajenga shingo kwa taulo kuukuu. Alitufundisha pia kitu ambacho sijakiona kwenye video yoyote: jinsi ya kuanguka. Skramu ikiporomoka, unafanya nini na mikono, unaachia nini, unashikilia nini, unaita nani. Alisema propu anayejua kusukuma lakini hajui kuanguka ni dereva anayejua gia na hajui breki.

Halafu nauli ikakwama. Bajeti ya michezo ilikatwa, nadhani hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na Mzee akaja Jumamosi mbili kwa pesa zake kisha akaacha. Sikumlaumu. Mwezi uliofuata propu mmoja wetu aliugua, na akachukuliwa kijana wa mwaka wa kwanza, kilo mia na zaidi, mpole, hajawahi kucheza raga maishani, akawekwa mbele kwa sababu ni mnene. Skramu ya pili ikaporomoka. Sauti aliyoitoa bado naisikia. Alitoka ameshikwa shingo na watu wawili. Alipona, shukrani kwa Mungu, lakini uwanjani hakurudi.

Sheria za raga zinalijua hili. Mchezaji wa mstari wa mbele lazima awe amefundishwa na kuzoezwa. Asipokuwepo, refa anaamuru skramu za kushikana bila kusukuma. Kikosi cha wachezaji 23 lazima kiwe na watu sita wa mbele. Kwa chipukizi wa chini ya miaka 19, skramu haisukumwi zaidi ya mita moja na nusu. Sheria hizo ziliandikwa kwa sababu kuna watu waliobaki kwenye viti vya magurudumu. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya kocha wa skramu, kwanza tunazungumza juu ya mtu anayezuia watoto wa watu wasivunjike. Ushindi unakuja baadaye.

Lakini ushindi nao unakuja. Rudi 2014. Mwaka huo Kenya iliingiza timu, Simba XV, kwenye Vodacom Cup ya Afrika Kusini, chini ya kocha Jerome Paarwater kutoka huko huko. Wiki kadhaa za kuinamiana na watu ambao skramu ni lugha yao ya mama. Miezi michache baadaye, Antananarivo, tukawafunga Namibia 29-22. Namibia, ambao wakati huo walikuwa wakishiriki Kombe la Dunia kila mara! Tulibakisha mechi moja ya Zimbabwe. Tukalala 28-10 siku ya Julai 6, Namibia wakaibugiza Madagascar 89-10, na timu tatu zikamaliza na ushindi mbili mbili. Wakapita wao kwa hesabu. Hatujawahi kukaribia kama pale.

Baada ya hapo: Marseille 2018, tulipoteza kwa Canada 65-19, Ujerumani 43-6, Hong Kong 42-17. Dubai 2022, Marekani 68-14, Ureno 85-0, Hong Kong 22-18. Mwaka mmoja baadaye Ureno hao hao wakaipiga Fiji 24-23 kwenye Kombe la Dunia. Na Julai 2025, Kampala, Zimbabwe waliibwaga Namibia 30-28 wakakata tiketi ya 2027, mara yao ya kwanza tangu 1991. Majirani wanapita. Sisi tunaangalia tena ile video ya Singapore.

Ninachosema ni kwamba somo la 2014 halikuwa siri. Ukiwapeleka watu wa mbele wakainamiane na wanaojua, wiki baada ya wiki, wanajua. Lakini ujuzi ule umekaa ndani ya miili ya wanaume waliocheza. Wanaume hao sasa wana miaka thelathini na kitu, arobaini. Wengine wako benki, wengine kwenye godauni, wengine wanaendesha maduka. Magoti yanawauma asubuhi. Kila mmoja wao ni maktaba ya shingo, na hakuna anayewaazima. Mkimbiaji akistaafu, tunampa kipaza sauti achambue mechi kwenye runinga. Propu akistaafu, tunamwambia apunguze ugali.

Na gharama yake si ya kutisha. Si lazima iwe Toulouse. Ni nauli ya basi, chakula cha mchana, taulo kuukuu na Probox yenye breki nzuri. Ni shule moja ya Voi, moja ya Mwatate, moja ya Wundanyi, zikishirikiana kumlipa mzee mmoja Jumamosi zake. Vijana wa kwetu wanapanda miinuko ya Dabida na ndoo ya maji au mzigo wa kuni tangu utotoni; migongo iko, miguu iko. Mpe mtu wa kumwambia macho mbele.

Nilimpigia Mzee simu nilipokuwa naandika haya, nikamuuliza kama angerudi kufundisha. Alicheka, akaniuliza nina kilo ngapi siku hizi. Nikamwambia. Akasema nimepungua sana, kisha akauliza: "Hao vijana wako wangapi, na wapi?"